Mungu Hakai Kwenye Kamati

Mama yangu anaomba nipate, nami sina hakika kama ombi hilo ni halali.

Nafasi yenyewe ni ufadhili wa masomo ya uzamili Ulaya: ada, nauli, malazi na posho, vyote juu ya mfadhili. Walioomba ni wengi mno, watakaochukuliwa ni wachache, na kila anayeingia anamfungia mwenzake mlango. Kwa hiyo mama anapopiga magoti alfajiri na kusema, "Baba, mpe mwanangu nafasi hii," pasipo kujua anasema pia, "mnyime mtoto wa mwenzangu." Mtoto huyo pengine ni muuguzi wa Kasulu au afisa kilimo wa Gulu. Naye ana mama, na mama yake naye yuko magotini. Wote wawili wameamini, wote wamefunga, wote wametoa sadaka. Mungu amsikilize yupi?

Swali hili liko katika kila nyumba yenye kijana anayesubiri majina yatoke: ajira za ualimu, usaili wa Sekretarieti ya Ajira, Bodi ya Mikopo. Ufadhili wa ng'ambo unalikoleza tu, maana kinachogombewa ni kikubwa na wanaoamua hatutawaona kamwe.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari ya kata huku Songwa, Wilaya ya Kishapu, jirani na Mwadui. Nimeomba kusomea usimamizi wa maji. Mtu wa Songwa haulizi kwa nini. Bwawa letu limekuwa likiupa maji mgodi wa almasi, mashamba yetu ya pamba na dengu yanatazama mbingu, na Novemba 2022 ukingo wa bwawa la matope la mgodi ulipasuka, matope yakafunika mashamba na makazi ya majirani zetu. Fomu nilijaza, mtihani wa Kiingereza nilifanya kwa ada iliyomeza sehemu kubwa ya mshahara, usaili nao umepita. Sasa nasubiri.

Naandika kabla jibu halijaja, na nimekusudia hivyo. Anayeandika baada ya kupata huandika ushuhuda. Anayeandika baada ya kukosa huandika malalamiko. Wote wawili wameshaujua mwisho, na mtu akishaujua mwisho huusimulia mwanzo upya ili ulingane nao. Mimi bado sijui, kwa hiyo sina jibu la kulitetea.

Nianze na fomu, kwa kuwa nayo ina dini yake. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, humtaka mwombaji aeleze uongozi wake, mtandao wake wa watu na mpango wake wa kazi, tena akubali kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, na ule wa DAAD wa Ujerumani, nao wana maswali ya ukoo huo. Yote yanamzunguka mtu mmoja: wewe umefanya nini?

Katika insha ya uongozi niliandika juu ya ngitili, yale maeneo ya malisho na miti ambayo Wasukuma huyafunga ili yapumzike. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uliyafufua mkoani Shinyanga kuanzia mwaka 1986, hata kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa mwaka 2002. Shule yetu ina kingitili chake kidogo, na mara ya kwanza niliandika jinsi tulivyokifunga: wanafunzi, wazazi na wazee. Rafiki aliyewahi kusoma ng'ambo akanirudishia insha. "Sema wewe ulifanya nini," akaniambia. "Kamati haichukui kijiji kizima." Nikatii. Wazee waliokaa dagashida, baraza letu la jadi, wakapanga faini ya mwenye ng'ombe atakayeingia kabla ya wakati, wakatoweka kwenye insha.

Jumapili iliyofuata nikasikia upande wa pili. Kijana wa kanisani kwetu aliyepata kazi katika mgodi mmoja wa Geita alisimama kushuhudia: si kwa akili zangu, si kwa vyeti vyangu, ni Bwana. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga. Njiani kurudi nyumbani ndipo jambo likanikaa kooni. Fomu inataka niseme yote nimefanya mimi. Kanisa linataka niseme yote amefanya Mungu. Hapana palipobaki pa kuwataja wazee wa dagashida, wala mwalimu wa darasa la sita aliyenifundisha kusoma ramani, wala dada yangu mkubwa aliyeacha shule ili ada itoshe kwa mmoja. Insha ya uongozi na ushuhuda, ingawa vinapingana, ni mtu na nduguye.

Wasukuma tulijua mashindano kabla hatujajua usaili. Mavuno yakiisha, kuanzia Juni, ndio msimu wa mbina, ngoma zetu za mashindano, na ndio msimu ambao majibu ya ufadhili kadhaa hutoka. Vikundi viwili, kimoja cha chama cha Bagika na kingine cha chama cha Bagalu, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Umati ndio kamati. Vyama hivyo husimulia asili yake kwa watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wacheza ngoma walioshindana kila mmoja na dawa yake. Ningi, yaani kiongozi wa ngoma, hategemei sauti na mbwembwe peke yake. Kabla ya siku yenyewe anatafuta samba, dawa ya kumfanya apendeze machoni pa watu, na anatafuta kinga ya kuizima dawa ya mwenzake.

Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyejenga kituo cha Bujora karibu na Kisesa, hakuzifukuza ngoma hizo. Aliziunganisha na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na hadi leo sherehe hiyo, Bulabo, huwakutanisha Bagika na Bagalu kila Juni. Sisi wa AICT, Kanisa la Africa Inland, wazee wetu walizikataza. Bibi yangu alizuiwa Meza ya Bwana kwa sababu alikwenda kutazama, kutazama tu. Sababu aliyopewa ni kwamba penye mbina pana dawa.

Ndipo ninapomuuliza mama: ombi la kushinda na samba vinatofautianaje? Anayeombwa ni mwingine, nalikubali hilo, na ni jambo kubwa. Lakini kinachoombwa ni kile kile: macho ya wanaochagua yageuzwe yaje kwangu. Kwenye mikesha nimesikia watu wakienda mbali zaidi: kila jina lililoandikwa mahali pa jina langu lifutwe kwa moto. Hapo hata ile kinga ya kuzima dawa ya mwenzako imeshaingia kanisani, imevaa suti na tai.

Mama hakubali. "Mwanangu, mvua tunaiomba au hatuiombi?"

Tunaiomba, nikasema, lakini mvua haimnyimi mtu. Yesu mwenyewe alifundisha kwamba Baba huwanyeshea wenye haki na wasio haki.

Akacheka. "Na wewe ndiye unayefundisha jiografia! Wingu la Songwa limeishia Maganzo mara ngapi? Walioko Maganzo waliomba kutuzidi?" Kisha akanipiga kombora la mwisho: "Na kama Mungu hawezi kuingia kwenye kompyuta ya Wazungu, huyo ni Mungu gani?"

Kombora la mwisho nitalirudia mbele. La wingu lilinishika, na jibu nililo nalo ni pungufu. Wingu likiishia Maganzo, hakuna mtu wa Songwa anayesema Mungu amewateua watu wa Maganzo, wala mtu wa Maganzo hasimami madhabahuni kutamba kwamba amependelewa. Tunasema mvua imepita, tunangoja nyingine. Juu ya mvua tuna adabu ambayo juu ya vyeti hatuna.

Kuna ugumu wa pili. Usaili umekwisha. Huenda kamati imeshakaa, orodha imeshatiwa saini, na kilichobaki ni siku ya kutangaza. Kuombea jambo lililokwisha kuamuliwa kuna maana gani? Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, unalizungumzia. Mtu anarudi mjini kwake, anasikia kilio, anaomba kisiwe cha nyumbani kwake. Ombi hilo ni bure, wanasema marabi: kilio kimeshatoka nyumba fulani. C. S. Lewis, mwandishi Mkristo wa Oxford, alitetea kinyume mwaka 1947. Kwake yeye Mungu hafungwi na saa zetu, kwa hiyo sala ya adhuhuri inaweza kuwa ilishahesabiwa katika jambo la asubuhi, mradi anayeomba hajajua lilivyokwenda.

Huku kwetu ushahidi wa kesi hiyo uko chini ya ardhi. John Williamson, Mkanada mwenye udaktari wa jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill, alihangaika miaka kadhaa hadi mwaka 1940 alipoupata mwamba wa Mwadui, wenye eneo la hekta 146. Ndimo lilimotoka lile jiwe la waridi la karati 54.5 alilopewa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947 kwa harusi yake. Almasi zile zilikuwa pale zamani sana kabla hajazaliwa mtu yeyote wa kuziomba. Wafugaji walipitisha ng'ombe juu yake vizazi na vizazi. Walikuwa na shida zao, walitambika na kusihi, na kusihi kwao hakukuongeza wala kupunguza hata punje moja chini ya nyayo zao. Elimu ya Williamson nayo haikuiweka almasi pale. Ilimfikisha tu mahali ilipo, na hata hapo ilihitaji kusindikizwa na bahati.

Kuhusu Mungu, Lewis anaweza kuwa na haki. Mimi ni nani nimpangie Mungu saa? Kuhusu sisi wanadamu, nasimama na marabi. Anayeomba orodha iliyokwisha andikwa ibadilike anajizoeza kutoyatazama mambo yalivyo. Baadaye anaanza kusoma ishara: ndoto ya kuvuka maji, bundi juu ya paa la jikoni, namba ngeni iliyopiga ikakatika. Najua ninachokisema. Kengele ya kipindi ikilia nafungua simu, na mtandao ukisumbua nasema labda ndiyo dakika waliyotuma.

Lakini hatari kubwa zaidi inakuja baada ya jibu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi kati ya Wazande katika Sudan Kusini ya leo, alieleza jambo moja linalorudiwa sana katika kitabu chake cha mwaka 1937. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liliangukia watu hawa, saa hii. Jibu lao ni uchawi. Evans-Pritchard alisisitiza kwamba hapo hapana ujinga, kwani wanajibu swali ambalo mchwa hawalijibu. Nami naona nyumba nyingi za kwetu, zenye msalaba ukutani au msahafu juu ya kabati, bado zinauliza swali hilo, na jibu zinalolitaka ni lenye jina la mtu.

Kaka yangu anachimba dhahabu Nyarugusu, mkoani Geita. Duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, lilipokaa muda mrefu bila kutoa kitu, wenzake walichangishana fedha za mganga. Naye alichanga. Nilimuuliza kulikoni, mtu aliyeokoka.

"Dada, nisipochanga halafu duara likaendelea kunyamaza, mimi ndiye nitakuwa sababu."

Nikanyamaza. Akaendelea: "Mwamba haujui jina la mtu. Sote tunajua hivyo. Ila hakuna anayeweza kulala na jambo hilo."

Kushindwa kulala na jambo hilo kumeigharimu kanda yetu, na waliolipa ni wasiohusika. Vikongwe wa Shinyanga, macho mekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote, waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mtoto alikufa au ng'ombe walikwisha, na msiba ukatafutiwa mwenyewe. Kuanzia mwaka 2007 hivi watu wenye ualbino wakawindwa Kanda ya Ziwa, waganga wakiwaaminisha wateja wao kwamba viungo vya binadamu mwenzao vitawafungulia dhahabu, samaki au biashara. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku inaweza kumfikia mpiga ramli. Haimfikii yule anayetoka nyumbani usiku kumfuata mpiga ramli kwa sababu hakubali kwamba kuna kukosa kusikokuwa na mkosaji.

Msomaji atasema nimevuka mpaka, kwamba kutoka sala ya mama hadi panga ni mbali. Ni mbali sana, na mama yangu hajamtakia mtu baya hata kimoyomoyo. Ninachodai ni hiki. Ukishika kwamba kila kupata kuna aliyekupa kwa kukukusudia wewe, itabidi ushike pia kwamba kila kukosa kuna aliyekunyima kwa kukukusudia wewe. Nusu ya kwanza ni tamu, hata tunaiimba. Ya pili huja yenyewe baadaye, haikaribishwi. Namfahamu mwalimu aliyekosa nafasi kama hii ninayoisubiri, akaacha kumsalimia shangazi yake. Sababu hakuitaja. Ukoo mzima uliielewa.

Biblia ina mtu wa kutusaidia hapa, na katika mahubiri yote niliyokaa kuyasikiliza sijasikia akihubiriwa. Matendo ya Mitume, sura ya kwanza: Yuda amekufa, nafasi iko wazi. Petro anataja sifa za mwombaji, awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku ya kupaa. Wanaofikia sifa ni wawili: Yusufu aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto, na Mathiya. Wanaomba, wanapiga kura, kura inamwangukia Mathiya.

Barsaba alikuwa na sifa zote. Hakuna anaposhitakiwa kwa dhambi, wala kwa imani haba, wala kwa laana ya ukoo. Alikosa kura. Luka haelezi kwa nini, na wala hamtafutii maneno ya kumfariji. Agano Jipya halimtaji tena. Masimulizi ya Papia, askofu wa karne ya 2 ambaye Eusebio aliyahifadhi maneno yake, yanasema Yusto huyo aliwahi kunywa sumu na isimdhuru. Sumu yenyewe siigombei. Ninachokipenda ni kwamba miaka mingi baadaye watu walikuwa bado wanamsimulia kama mmoja wao. Alikosa nafasi, hakukimbia kundi.

Ni kweli mitume waliamini Mungu ndiye aliyeishika kura ile, na sitawageuza wawe watu wa leo. Lakini tazama utaratibu wao. Kwanza walitumia akili: sifa, ushahidi, orodha fupi. Pale akili ilipofika mwisho, wawili wakiwa sawa, wakaiachia kura. Na katika kuomba kwao hawakumtajia Mungu jina wanalolitaka.

Wafadhili wa utafiti wamefika mahali hapo kwa njia yao. Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand lilianza mwaka 2013 kutumia kura katika baadhi ya ruzuku zake. Mfuko wa Volkswagen wa Ujerumani ukafuata mwaka 2017, na British Academy ya Uingereza mwaka 2022. Hoja yao ni ya unyenyekevu: majaji wanaweza kuitenga kazi mbovu na njema, lakini wakibakiwa na njema tupu, nyingi kuliko fedha, alama wanazopeana kuzipambanua haziaminiki sana. Kura inasema ukweli huo waziwazi. Natamani kila barua ya kukataliwa ingeusema: mlistahili wengi, tulichagua kama tulivyoweza.

Huwa namfikiria pia Nyerere. Mwaka 1949 aliondoka Tabora, alikokuwa akifundisha St. Mary's, akaenda Edinburgh kwa ufadhili, akamaliza mwaka 1952. Tunalisimulia hilo shuleni kana kwamba nchi nzima ilikuwa imepangwa imsubiri yeye arudi. Wapo walimu wa rika lake ambao hawakwenda popote. Walifundisha, wakastaafu, wakafa, na Tanganyika ilisoma kwao. Hakuna sura ya kitabu cha historia inayowaita walioachwa.

Jirani yangu mwenye duka, tunayemwita Alhaji, alinipa msaada ambao sikuutarajia kutoka nje ya kanisa langu. Nilikuwa nimekwenda kununua vocha, akaniuliza kama Wazungu wamejibu. Nikamwambia bado, na mama anakesha akiomba. Akanieleza istikhara. Muislamu mwenye jambo mbele yake huswali rakaa mbili, kisha humwambia Mungu kwamba yeye hajui na Mungu anajua. Likiwa na heri lifunguke, likiwa na shari liepushwe, na moyo wake uridhike na heri popote itakapokuwa.

Nilichokipenda mara moja ni kwamba ndani ya dua hiyo hamna mshindani. Muuguzi wa Kasulu anaweza kuiomba usiku huo huo ninaoiomba mimi, na maombi yetu yasigongane. Hata hivyo nilimbishia Alhaji kidogo. "Nikikosa, itabidi niseme kwamba masomo ya maji yalikuwa shari kwangu? Mbona siamini?"

"Mwalimu," akajibu huku akinihesabia chenji, "umeambiwa uombe. Hukuambiwa kwamba utaelezwa."

Jibu hilo liko karibu na kitabu cha Ayubu, na Alhaji naye anamjua Ayubu kama nabii. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja na sababu mikononi: umetenda dhambi, watoto wako walitenda dhambi, Mungu anakurudi. Ayubu akakataa sababu zote tatu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wenye maelezo na kumpa haki aliyebisha, na hata Ayubu mwenyewe haambiwi kwa nini. Alipewa Mungu, hakupewa sababu.

Sasa narudi kwenye kombora la mama. Mungu anaweza kuingia kwenye kompyuta yoyote, sibishi. Ninachokataa ni kumpa kiti kwenye kamati, kisha kumlaumu au kumsifu kwa maamuzi ya watu wenye majina, waliosoma insha zangu wakiwa na usingizi au wakiwa macho, wakapenda ngitili au wasipende. Watu wale wabebe uamuzi wao. Mungu nimwombe yaliyo yake: jibu likiwa zuri nisimsahau dada yangu, likiwa baya nisimtafute shangazi, na ahadi ya kurudi Songwa, niliyoiandika ili nipendeze, iwe ya kweli kabla haijasomwa.

Mama amekubali kusogea, kwa namna yake. Hakupunguza kitu kwenye ombi lake, ila ameliongeza: sasa anamwomba Mungu anipe mimi "na wale wengine wote." Nilimweleza kwamba nafasi hazitoshi kwa wote. Akasema kuhesabu nafasi si kazi yake.

Wachungaji na mashehe, nawaomba jambo moja. Mkimsimamisha aliyepata atoe shukrani zake, msimamisheni na aliyekosa, kaeni naye pasipo kumtafutia sababu, na msimwambie kwamba wakati wa Bwana bado, kwa maana hamjui. Wewe unayeomba nafasi kama mimi, jaza fomu kwa nguvu zako zote, watambue waliokuinua hata kama kamati haina nafasi ya kusoma majina yao, na orodha ikitoka bila jina lako usimwangalie mtu yeyote kwa jicho la kando. Hukurogwa. Mungu hakukutupa. Walioomba walikuwa wengi, nafasi zilikuwa chache.